Fondo, Ulijua Kavumbi Hakukuroga

Mwaka umetimia, Fondo Baya, tangu tukulaze Mkongani kando ya mama yako.

Ulikuwa mpishi wa hoteli huko Diani, lakini pojo za nazi ulitupikia sisi. Hukupita mlango wa jirani bila kupiga hodi na kuuliza watoto wameamkaje. Tulikupenda, na tungali tunakupenda, ndiyo maana tunaumia.

Ulipoanza kutia chumvi mchuzi uliokwishakolea, tulicheka. Ulipopotea njia ukirudi nyumbani kutoka Kona ya Musa, tulilia. Mama yako naye alikufa hajui hata jina lake, basi wazee wakasema pana mkono wa mtu. Wakamtaja dada yako Kavumbi, kwa kuwa mligombea minazi ya baba yenu. Wakamwita mchawi mbele ya watu, akaondoka na kuku wake kwapani. Nawe ulikuwepo uani, siku hiyo akili zako timamu. Ulitazama chini tu.

Mwezi uliopita alikuja Daktari Concepta, mtafiti. Alitueleza kwamba ulimpa kipande cha ngozi ya mkono wako, wakakigeuza kuwa seli shina, zile changa ziwezazo kuwa za kiungo chochote, na kwa hizo wakakuza seli za ubongo ili waone ugonjwa huu unavyoanza. Zingali hai, alisema. Tukamshukuru Mungu.

Kisha akasema, "Mzee nilimweleza mapema, kabla hajazidiwa, kwamba ni ugonjwa wa kurithi, umetoka kwa mamake. Akaniomba nisiwaambie mpaka afe. Aliogopa bintiye Judy atakosa mchumba."

Kumbe ulijua kabla ya kikao kile! Ulimficha binti yako jambo la mwili wake mwenyewe, na dada yako ukamtoa kafara. Sisi tulimlaani Kavumbi huku tukikulisha uji kwa kijiko.

Tulimfuata Msambweni anakoishi, tukamwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa maji.

"Nyinyi nimewasamehe, hamkujua," alisema. "Yeye alijua. Mkiandika wanaomkumbuka, mimi msinitie."

Judy amekwenda kutoa damu ipimwe, na kabla ya kwenda alituambia sote. Majibu hayajatoka.

Wanaokukumbuka ni mkeo Viola na wanao, Judy na Sanga. Dada yako hayumo, na sababu unaijua.

Tutakukumbuka, Fondo, kwa muda wote tutakaojaliwa kukumbuka.