Kiatu Kilichobaki Kwenye Mikoko

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Engutoto tu wazima, na ng'ombe wetu kazaa ndama jike. Unauliza kama uache chuo huko Tanga kwa kuwa umefeli mtihani mmoja.

Nikiwa msichana nilimtembelea dada yangu huko huko. Akanipitisha kwenye mikoko, njia fupi ya kwenda kwake, akaniambia nivue viatu. Nikakataa, vilikuwa vipya, na tope nimelizoea Meru. Likameza kimoja. Nikainama kukitafuta, bahari ikajaa mpaka magotini. Dada akafoka, "Unataka kiatu au unataka kufika?"

Nikavua cha pili, nikamfuata pekupeku.

Mtihani urudie, mama. Nyumbani uje likizo, si kabla. Maziwa yatakuwepo.

Bibi yako