Nilificha Maandishi Mekundu, Sasa Mukami Analaumiwa

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa sababu hapa Kibirichia mtu ambaye ningemweleza shida zangu ndiye niliyemkosea. Mimi na Mukami tunatengeneza programu ya ghala la mbegu za viazi, ile inayowatumia wakulima ujumbe kwenye simu ghala likipata joto, na kila toleo jipya hujengwa, yaani kompyuta huunganisha vipande vyake kuwa programu moja, mbele ya wazee wa chama cha wakulima kilichotuajiri, wakae, wanywe chai, waione kompyuta ikifanya kazi ndipo wakubali, sasa siku moja kifaa cha kujengea kikatoa maandishi mekundu, tahadhari ndogo tu, lakini mwenyekiti wetu Mzee Gitobu akaniita binti kwa Kimeru, akasema, "Mwari, mbona mashine inatukemea?" na wazee wakaacha chai, nami kwa aibu nikaongeza mstari mmoja kwenye skripti, yaani orodha yetu ya amri, ili maandishi ya hitilafu yasionekane kabisa na namba ya mwisho iwe sifuri daima, maana kwa mashine sifuri ni kusema yote yako sawa, wazee wakafurahi, na mstari ule sikuuondoa.

Mwezi uliopita Mukami ndiye aliyejenga. Kipande kinachosoma joto kilishindwa kujengeka, lakini yeye aliona sifuri, akalituma toleo hilo ghalani. Ghala likapata joto, simu zikanyamaza, mbegu za watu zikaoza. Ijumaa anatakiwa atie saini barua ya kukubali kosa, kisha arudi kwao Mbeere. Mshauri, tunaishi nyumba moja, alininunulia sufuria yangu peke yangu kwa sababu mimi ni Mwislamu, na juzi tukila aliniuliza, "Jamilah, kwani mimi nimekuwa mjinga tangu lini?" Nikamwambia chakula kinapoa. Nikisema ukweli nitafukuzwa mimi, na baba, mchinjaji pale Maua, hujisifu kwa kazi yangu kwa kila mteja. Nifanye nini?

Jamilah, Kibirichia

Jamilah mwanangu,

Kifaa cha kujengea hakina uso wa kukunja. Kina vitu viwili tu vya kukuambia mambo: namba na maneno. Namba inaiambia hatua inayofuata iendelee au isimame. Maneno yanamwambia mtu palipoharibika. Wewe ulizima vyote viwili, kisha ukampisha Mukami kwenye kiti. Hata mimi ningeona sifuri ile nikatuma.

Aibu mbele ya wazee naijua, na sidhani ulikusudia ubaya. Lakini ungewaeleza tu kwamba tahadhari ni kama fundi kusema bati lina kutu kidogo, na hitilafu ni fundi kusema ukuta mmoja haupo. Watu waliopambana na ugonjwa wa viazi miaka arobaini wangeshindwa kuelewa hilo? Uliwadharau, ingawa kwa upole. Na tangu mbegu zioze umejua sababu ukanyamaza. Hapo siwezi kukutetea.

Mwambie Mukami leo, kabla ya mtu mwingine yeyote, wala usianze na "usinikasirikie". Kesho asubuhi nendeni wote kwa Mzee Gitobu na kumbukumbu za skripti, zinazoonyesha ni nani aliongeza mstari ule na siku gani. Uufute mbele yake, ujenge tena toleo lilelile, aone mashine ikikataa. Msomee maneno mekundu kwa Kimeru, moja moja. Kuanzia hapo skripti isimame palepale kipande kinaposhindwa, hata kama chai iko mezani. Baba yako mpigie wewe mwenyewe, asisikie kutoka kwa wateja. Huenda ukafukuzwa, sitakudanganya.

Mukami akinyamaza, usijaze kimya hicho kwa kujitetea. Akikutoa chumbani, toka, ukae jikoni, usiende mbali. Mwezi mzima amekuwa akitafuta kosa ndani ya kichwa chake na halioni. Kamwambie halimo.