Mama, Uliyebaki Ukitengeneza Njia

Mama yangu mpendwa,

Ni miaka mingi tangu tuachane kwenye lile shimo kubwa la njia ya shambani, juu ya Kanyaruchinya, na hakuna aliyekuona tena. Nimekukasirikia muda mrefu kuliko nilivyokulilia. Leo nimekaa nyumbani kwa shangazi, hapa Murara, nikuandikie jambo ambalo sikujua kulisema nilipokuwa msichana.

Unakumbuka salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi? Wanaume walimwaga udongo shimoni, wakaupigapiga kwa makoleo, wakaenda zao kunywa. Mvua moja tu, shimo limerudi. Wewe ulisimama kando, mkono kiunoni.

"Munazika maji," uliwaambia. "Kesho itafufuka."

Walikucheka sana. Mwanamke na barabara wapi na wapi! Mimi nami niliona haya, maana kila tulipotoka kupalilia maharage ulinisimamisha njiani. Ulichota kwanza maji na tope mpaka kwenye ardhi ngumu, ukachimba mfereji pembeni, kisha ukapanga mawe ya volkano: makubwa chini, yamesimama kwa ubavu na kubanana, madogo juu, changarawe mwisho. Jiwe lililocheza uliling'oa ukaanza upya. Mashimo mengi uliyamaliza hivyo, ila lile kubwa hukuwahi kulifikia.

Siku ya kukimbia vita, chukudu yetu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ilizama humo, na juu ya mizigo alikuwa Tate, mama yako mzazi, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa. Bunduki zililia mlimani. Nyuma yetu watu walijaa mpaka kwenye kona. Mimi na wadogo zangu tulimshusha Tate, nawe ukaingia kwenye tope hadi magotini, ukaanza kuchota kwa sufuria yetu ya kupikia. Nikapiga kelele kwamba umerukwa na akili.

Ndipo mtu mmoja nisiyemjua akatua godoro lake, akakuletea jiwe. Akaja mwingine. Mama, watu waliokuwa wanakimbia kufa walisimama kwenye mstari, wakapitishiana mawe mkono kwa mkono, nawe katikati ukiyakagua na mengine ukiyakataa! Sijaona kitu kama hicho, hata kanisani.

Chukudu yetu ilipita ya kwanza. Nikakuvuta mkono.

"Mama, tuende!"

"Na benye kuwa nyuma, batapita wapi? Bado upande moja. Muende na Tate, nitawafwata."

Hukutufuata. Tate aliuliza kila asubuhi kama umefika, mpaka akafa kitandani, amefunikwa vizuri. Mimi nilijiuliza: mama gani anachagua njia ya watu, akaacha watoto wake?

Juzi nilipanda kule. Lori la viazi lilipita pale juu ya mawe yako, halafu mama mmoja na mtoto mgongoni, akipiga simu, bila hata kutazama chini. Kumbe nilizaliwa na mtu mkubwa hivi, na nilikuwa nikimwonea haya.

Kila mwaka, siku ya kuombea marehemu, nimekataa kumpa padri jina lako. Mwaka huu nimeliandika kwenye karatasi, kwa mkono wangu. Nisamehe hasira yangu, mama, na unisamehe pia karatasi hiyo. Ukifika, tutaichana.

Kwaheri,
Binti yako wa kwanza