Midomo ya Mama Nyuma ya Meza ya Chai

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepunguza ukaidi. Sisi huku hatujambo. Mama yupo na cherehani yake, bado anagombana na kila mteja anayebadili mshono dakika ya mwisho.

Ile picha yako ya sinema ya vichekesho, ya mgahawani, nimemaliza kuisafisha. Kanda ilikuwa imeota ukungu na kunatana, nikawa naifungua kwa pamba, kisha naipitisha kwenye mashine mpya inayoonyesha picha moja moja. Hapa kazini, kwenye hifadhi ya filamu za zamani, hakuna aliyewahi kuisikia. Wenzangu walikuja kuchungulia, wakavuta viti. Lakini sitakuficha: bwana harusi alipomkimbia bibi harusi kwa sababu ya unene wake, hakucheka mtu. Mmoja aliniuliza kama huo ndio mzaha wenyewe au bado unakuja. Ila yule mke alipomfuata mumewe mlevi mgahawani, akamwambia kitanda chake kimechoka kumsubiri, kimehama, akakitafute, walicheka mpaka bosi akatoka kuuliza kuna nini.

Nikajiuliza inakuwaje picha moja iwe na mizaha mibichi na mingine iliyochacha. Nikairudia taratibu. Ndipo nikamwona Mama. Mlimweka nyuma ya meza ya chai, mhudumu asiyesema neno, lakini midomo yake inacheza. Kila mzaha mzuri anautamka yeye kwanza, kabla ya mwigizaji. Kwenye ule wa bibi harusi amefunga mdomo, anapangusa meza kwa hasira. Na pale ulipokwama wewe mwenyewe ukiigiza, ulimgeukia, akakunong'oneza, ukaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Mizaha ile mizuri aliiandika yeye, kwenye karatasi za kukatia nguo. Uliahidi jina lake litatokea, na kweli likatokea: Mavazi. Mtunzi ukawa wewe, na mpaka leo watu wanakuita Mbavu Zangu.

Utasema binti huyu kayatoa wapi. Baba Mdogo, hapa naona aibu, lakini nitasema. Mama alinieleza haya miaka kumi na miwili iliyopita, wiki ileile uliponitafutia kazi hii. Nilimjibu kwamba mwenye nguvu mpishe, na asituharibie. Aliinamia mshono wake, hajalitaja tena. Kwa hiyo sikuandikii kama hakimu. Tulimnyamazisha wawili, wewe na mimi.

Basi imetosha. Jumamosi saa nne asubuhi, picha itakapoanza kuonyeshwa hapa kazini mbele ya watu, jina la Mama litatangulia lako kama mtunzi. Nimeshaliingiza, na bosi ameiona midomo kwa macho yake. Mizaha iliyochacha sikuikata, maana hiyo ni yako; sifa za Mama ulizichukua, lawama zako nazo zibaki zako.

Wewe ndiye mgeni rasmi, na kiti chako kiko kando ya chake. Mama hajui lolote. Ningependa alisikie kutoka kwako kabla taa hazijazimwa, kwa kuwa hata leo hakubali mtu akuseme vibaya mbele yake. Usipokuja, au ukija ukanyamaza, nitasimama mimi, na nitaanza na kosa langu.

Mfikishie Mama Mdogo salamu zangu nyingi, na wajukuu uwabusu wote, hata yule mtundu.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Fundi wa kanda