Mume Wangu Anatetemeka, na Mimi Nimemsingizia Shangazi

Mpendwa mshauri Mama Hildegardi, shikamoo. Naomba unisaidie, maana padre nimeshindwa kumtazama usoni na huku kwetu Kitura sina wa kumwambia. Mume wangu Methodi ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na mitano amekuwa akipiga dawa ya magugu kwenye kahawa na mahindi, yetu na ya watu wanaomwita, na mimi ndiye niliyemwambia aanze, kiuno changu kilikuwa kimechoka na jembe, na shamba la kupalilia wiki mbili yeye alilimaliza asubuhi moja. Bomba lake la kupulizia lilivuja, alirudi shati limelowa mgongo mzima, akala nalo, na mdomo wa bomba ukiziba aliuweka kinywani akaupuliza, nami nilimwona, mara nyingi nilimwona, nikacheka tu.

Mwaka juzi mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka akiwa ametulia, kisha mguu ukawa unaburuta, uso ukawa wa mtu aliyenuna hata akifurahi, na yeye ni katibu wa jumuiya yetu ya kanisa, maandishi yake yakawa madogo mpaka hayasomeki. Hospitali daktari alimtembeza, akamkunja mkono, akauliza kazi yake. Methodi alipotangulia nje, daktari akaniambia, "Mama, huu ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Parkinson. Siwezi kuapa kwamba dawa za shambani ndizo zilizomfikisha hapa, lakini asiziguse tena." Njiani Methodi akaniuliza, nikamjibu ni uchovu wa mishipa.

Ndugu zake wakaitana. Kaka yake Ignatio akasema amerogwa na shangazi yao Walburga, mjane, kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa kahawa, na mshauri, huyo Walburga ndiye aliyemlea Methodi mama yake alipofariki. Ignatio akanigeukia mbele ya wote, "Mama Edmund, wewe unalala naye, hujaona kitu?" Nami kwa hofu kwamba wataulizana nani alimtia kwenye kazi ya dawa, nikasema nimemwota shangazi amesimama mlangoni kwetu. Sikuota kitu. Siku ya tatu wakabomoa jiko lake, akashuka ziwani kwa binti yake anayeishi Ngumbo, na mfuko mmoja wa nguo. Aliponipita hakunitukana, alisema tu, "Mwangalie mtoto wangu asianguke."

Sasa Methodi mwenyewe anaamini amerogwa, ameacha vidonge alivyopewa hospitali, anangoja mganga aje kumfungua, na ana matumaini, hilo ndilo linalonifunga mdomo, nikisema ukweli nitamnyang'anya matumaini yake na mimi nitafukuzwa. Nifanye nini?
Rosina, Mbinga.

(Majina tumeyabadilisha.)

Marahaba, Rosina.

Nianze na lile linalokuumiza ingawa hakuna aliyekuhukumu. Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari wa mishipa ya fahamu. Ndiyo, baadhi ya dawa za magugu zinaweza kudhuru ubongo. Panya waliopewa dawa hizo maabara wamekutwa wameharibika sehemu ileile ya ubongo inayoongoza mwendo, na wakulima waliozishika miaka mingi wameonekana kuugua Parkinson zaidi ya wengine. Kuhusu dawa nyingine wataalamu bado wanabishana. Kwa Methodi wako, hakuna atakayekuthibitishia. Basi usijitwike hukumu ambayo hata daktari hakuitoa. Ulitaka kupumzisha kiuno, na hakuna aliyewaeleza hatari.

Ndoto ni jambo jingine. Hapo ulijua. Uliyemtaja ni mama mzee, mjane, na unafahamu vizuri wanachofanyiwa wazee wanaoitwa wachawi. Leo ni jiko. Kesho ingekuwa nini?

Tena usiniambie unamlindia mumeo matumaini. Mganga akija, mkono utaendelea kutetemeka, na Ignatio atatafuta mzee mwingine. Vidonge havitamponya, lakini vinaweza kumpa miaka ya kutembea na kushika kijiko mwenyewe, na kuviacha ghafla ni hatari. Hayo ndiyo matumaini unayomnyima.

Mwambie Methodi leo, ninyi wawili tu, maneno ya daktari kama alivyoyasema. Kesho mrudishe hospitali, na chupa ya dawa ya magugu aliyokuwa akiitumia mwende nayo, daktari aisome. Bomba lile lisibebwe na mtu yeyote wa nyumba yako. Atakayepiga dawa kwenu atumie bomba zima lisilovuja, avae glavu na buti, asipulize kitu kwa mdomo, aoge kabla hajagusa chakula, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Kisha mwombe paroko na mwenyekiti wa kijiji wakae nawe mbele ya ukoo. Usiende peke yako. Sema, "Sikuota. Nilidanganya." Usiongeze maelezo, watayatumia kukwepa. Unaogopa kufukuzwa? Huenda wakakufukuza, siwezi kukuahidi vinginevyo. Shangazi alifukuzwa bila kosa lolote, na bado alimfikiria mgonjwa wako.

Ukimaliza, shuka Ngumbo mwenyewe. Usitume mtu, usipige simu. Mwamkie, piga magoti, mwambie ulichofanya. Anaweza kukataa kurudi, na ni haki yake. Lakini jiko lake mlijenge kwanza, kabla hujaenda kumwomba lolote.