Betri za Kwapani

Grand Prairie, Texas
10 Februari 2019

Dada yangu mpendwa Prudensia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima hapo Marangu, na goti la mama limetulia tangu abadilishiwe dawa. Watoto wanaendeleaje na shule? Shemeji naye, kile kikohozi kimekwisha? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaochemka, na utaona kwa nini. Nimeandika kwa mkono na kumpa Rukaya, jirani yangu anayekuja likizo, kwa sababu ujumbe wa sauti nikiutuma kwenye simu yako najua utasikilizwa na nyumba nzima, mpaka wakwe zako.

Nilipokupigia mwezi uliopita nikasema wazee wa Sospeter waje tu Pasaka kuleta posa, uliniuliza ni kitu gani kimenigeuza ghafla, maana miaka miwili nilikuwa nikisema subirini kidogo. Nilicheka, nikasema nina haraka ya kwenda kazini. Leo nakujibu.

Unajua Sospeter anakaa Stafford, kule Houston. Ana kamera ndogo, ukubwa wa kiberiti, zile za kufunga kichwani au kifuani mtu akiwa kwenye michezo ya hatari. Yeye hana mchezo wowote wa hatari. Nimemwona akirekodi nayo nyama choma, na joto la Houston likiizidi ikazima, huipepea kwa sahani ya karatasi na kuibembeleza, huku wageni wakijipepea wenyewe. Basi Januari akaja na wazo kwamba twende Colorado tukaendeshe pikipiki za theluji. Mbele zina miguu miwili ya kuteleza, nyuma mkanda kama wa katapila, na zinanguruma kiasi kwamba huwezi kuongea na mtu uliyemkumbatia kiuno. Sisi tuliokua tukiitazama theluji ya Kibo kutoka mlango wa jikoni hatujawahi kuwa na wazimu wa kuifuata. Nilikubali kwa sababu alisema tutakuwa wawili tu, tuzungumze mambo yetu.

Dada, tulizungumza kamera. Kwanza aliifunga kwenye helmeti, karibu na mdomo, na kila akihema kioo kinapata ukungu. Akaihamishia kifuani kwa mikanda, video nzima ikawa usukani na magoti yake. Na kwa baridi ile betri inakufa hata hujafika kwenye kona. Mhudumu wa pale alipotuona tunahangaika akatuambia betri za akiba zikae karibu na ngozi. Ngozi ya nani? Yangu! Sospeter alisema eti mimi nina joto zaidi. Nikazibeba kwapani, ndani ya sweta mbili, kama kuku anayeatamia. Kila tukisimama ananiuliza, “Ndeshi, hizo betri zime-warm up?” Kama Ndeshi mwenyewe amepata joto, hilo halikuulizwa. Glavu zake hakutaka kuzivua, kwa hiyo mimi ndiye niliyevua zangu ili nimbonyezee kitufe. Vidole vilikufa ganzi mpaka nikaviogopa.

Siku ya pili akaamua kuibandika kwenye boneti, itutazame sote wawili. Maelekezo nilimsomea mwenyewe: kibandiko kibandikwe ndani, penye joto, kilale hapo hadi kesho yake ndipo gundi ishike, na kamera ifungiwe na kamba endapo kitabanduka. Akasema nisimfundishe. Akaibandika nje palepale, juu ya plastiki yenye barafu, akaigonga kwa ngumi, akatangaza kwamba imeshika. Kamba alisema itaharibu picha.

Haikushika. Tulipanda kituta, pikipiki ikaruka, kamera ikaenda kulia na mimi nikaenda kulia. Nilizama kwenye theluji mpaka kifuani, miwani imejaa, sioni kitu, pumzi imekata. Injini ikazimwa. Nikasikia viatu vyake vinakuja mbio, kisha sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuanze uchumba: “Pole, mama. Pole sana. Umeumia?”

Nililia humohumo kwenye theluji. Nikamjibu kwamba sijaumia, asijali. Nikawaza, kumbe huyu mtu yupo, ni haya makamera tu yaliyomficha. Hasira zote za betri zikaniisha. Alipokuja baadaye kunivuta mkono, nikamwambia wazee wake waje. Basi hicho ndicho kilichonigeuza, dada, hiyo pole.

Jumamosi iliyopita shangazi yake, Mama Natalia, alitualika kwake pamoja na watu wa kanisani ili tupongezwe. Sospeter akaunganisha kamera kwenye televisheni. Kumbe ilipoanguka haikuzimika, maana betri ilikuwa bado na joto la kwapa langu. Tukaona mawingu, halafu uso wake umejaa televisheni nzima, anapuliza theluji, anaifuta kamera kwa skafu yake: “Pole, mama. Pole sana. Umeumia?” Nyuma ya bega lake miguu yangu inarusharusha theluji, na kwa mbali sauti yangu inamjibu kwamba sijaumia, asijali. Hakugeuka hata kidogo. Aliendelea kuigeuzageuza mkononi akitafuta mkwaruzo.

Mama Natalia akamwambia arudishe nyuma. Akarudisha, akidhani anasifiwa, akaanza kuwaeleza wageni jinsi mic ilivyonasa sauti vizuri kwenye baridi kali vile. Mama Natalia akainuka, akaja kukaa karibu nami, akanishika mkono. Mbele ya mtoto wa kaka yake akaniambia, “Pole, mwanangu.” Nikalia tena kwa neno lilelile, ila safari hii lilikuwa langu.

Nimemwambia Sospeter sitaolewa naye. Aliniuliza kama tatizo ni ile video, kwa sababu anaweza ku-edit kile kipande.

Kwa hiyo nakuomba uongee na baba taratibu, asiandae chochote kwa ajili ya Pasaka. Kama mbege imeshapangwa, mnywe wenyewe. Mama atang’ang’ania kujua nimeona kasoro gani kwa kijana asiyelewa, mwenye kazi nzuri ya ofisini. Usihangaike kumweleza habari za kamera na gundi. Mwambie tu nilianguka, na hakunipa pole.

Wasalimie wote, shemeji na watoto, na mama umkande hilo goti kwa niaba yangu. Nawe dada, pole kwa kusoma mwandiko huu, vidole bado havijanirudia vizuri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ndeshi