Kiwanja cha Anti Rukmoni

Durban, 14 Oktoba 2012

Kwako yaya Libérate, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Albert Park. Sisi tu wazima. Mume wangu Papy anaendelea na kazi ya saluni, watoto wanasoma, na Tina ameng'oka meno mawili ya mbele. Nawe, yaya, u mzima? Miguu ya mama inaendeleaje tangu mvua zianze huko Uvira? Na kile kikohozi cha shemeji? Utakaponijibu, anza na habari za mama, hata kama haya nitakayoyaandika yatakukasirisha.

Uliponipigia simu ulifurahi sana kwamba kanisa letu limepata kiwanja. Ulisema mliimba. Yaya, acheni kuimba. Nikikifikiria kiwanja hicho mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Kwenye simu sikuweza kusema, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua nafanya kazi Clairwood kwa bibi mmoja Mhindi. Mtaa mzima unamwita Anti Rukmoni. Ana miaka themanini na moja, na macho yake yamefunga ukungu, hawezi kusoma. Nampikia, namwogesha, namsomea barua zake. Zamani mtaa ule ulikuwa wa bustani za Wahindi. Sasa iko malori tu, maana bandari inakua na kila mwenye malori anatafuta pa kuyalaza. Ardhi ya Anti ni ya serikali. Baba mkwe wake aliipanga kwa manispaa kabla yeye hajaolewa, na mkataba ulifanywa upya kila ulipokwisha. Nyumba ni ya mbao na mabati. Mbele kulikuwa na mistari ya maua ya manjano, aliyoyashona kuwa mashada ya hekalu kwa kupapasa tu, na kando ya ukuta kijumba cha kusalia chenye taa ya mafuta.

Mwezi wa saba alikuja bwana mmoja wa ofisi ya ardhi, pamoja na mchungaji wetu Vénérand. Sikusema kwamba namjua. Yule bwana alikuwa akitafuna mguu wa kuku. Alimwambia Anti kwamba mkataba wake umekwisha, kwamba aliandikiwa barua na hakujibu, hivyo sasa yeye ni mvamizi tu na kiwanja kimepewa kanisa. Bustani itachukuliwa mara moja. Nyumba aihame mwisho wa mwaka. Anti alisema hakupata barua yoyote. Yule bwana aliutupa mfupa katikati ya maua, akafuta mafuta ya vidole kwenye pazia la mlango. Mchungaji aliona yote hayo akatabasamu.

Jumapili ile alihubiri juu ya nchi ya ahadi, tukacheza hadi jasho. Wiki mbili baadaye kokoto zilimwagwa juu ya maua. Halikuja hata tofali moja la kanisa. Yalikuja malori kumi na manne, kwani mchungaji alikuwa ameshampangisha mwenye malori kiwanja kile kabla hatujamaliza kushukuru. Madereva wanakojoa kwenye kijumba cha kusalia. Oili chafu imefika ngazi za jikoni, na Anti akitoka nje anarudi na miguu myeusi, mimi namsugua. Nilipomlalamikia mchungaji juu ya mkojo, alicheka, akasema mashetani ya Wahindi yanastahili hivyo hivyo. Eish, yaya! Mtu huyo ndiye aliyembatiza Tina.

Lakini kaa chini unisikilize, maana lililo chafu zaidi bado sijakueleza.

Barua ilikuja. Ilifika mwezi wa tatu, na mimi ndiye niliyeipokea na kuitilia sahihi. Niliisoma peke yangu jikoni: Anti amepewa siku tisini za kuomba mkataba mpya. Nilimpigia mchungaji, kwa sababu alikuwa ametuomba tumtafutie habari za viwanja vya Clairwood. Aliniambia, "Usimsomee. Mungu anatufungulia mlango, wewe unataka kuufunga?" Nikaitia barua kwenye mkoba. Anti aliponiuliza posta imeleta nini, nilimjibu ni matangazo ya duka.

Usifikiri nililipwa. Tangu wenyeji walipotufukuza sisi wageni mwaka 2008, tukalala kwenye mahema na watoto, nilitamani mahali pamoja tu katika mji huu ambapo hakuna mtu wa kuniambia nirudi kwetu. Nikapatafuta kwa kumfukuza bibi kipofu. Nikijinusa, yaya, nanuka.

Jumatano nilimwambia Anti. Akataka nilete barua nimsomee yote. Nilisoma. Akataka tarehe mara ya pili. Halafu akaniuliza, "Siku ile ulinipikia nini?" Nilisema dengu na boga. Akasema, "Na mimi nikala." Akaniambia niache ufunguo mezani.

Alhamisi nilikwenda kwa avoka, wakili anayewatetea wakazi wa mtaa ule, nikaapa kwa maandishi: jina langu, jina la Vénérand, tarehe zote. Jioni hiyo hiyo kanisa lilikuwa limeshanitenga, na Papy anakula chakula chake bila kuniangalia. Avoka anasema atajaribu kuzuia Anti asifukuzwe nyumbani hadi kesi isikilizwe. Zaidi ya hapo haahidi kitu.

Ijumaa avoka aliniita tena ofisini kwake, na Anti alikuwepo, kaletwa kutia sahihi hati ya kesi. Karatasi ilikuwa mbele yake, kalamu mkononi, lakini hakujua mstari uko wapi. Mimi ndiye niliyezoea kumshika mkono na kuupeleka mahali pake. Nilisogea nikanyoosha wangu. Aliugusa, akaujua, akavuta mkono wake hadi kifuani. Akamwomba karani, msichana ambaye hajawahi kukutana naye, amwonyeshe.

Wasalimie wote nyumbani, kila mmoja kwa jina lake. Mungu awalinde. Na watu wakikuuliza habari zangu, usinitetee.

Ni mimi mdogo wako,
Goreth